Niliwanawisha wageni waliokuja kumpongeza mwenzangu kwa mtoto niliyemzaa mimi

Wakuu, habari za humu ndani.

Kwanza naomba radhi kwa tahajia yangu. Nimesoma shule ya msingi tu, tena kambini, na Kiswahili nilikiokota sokoni na kanisani. Habari hii niliiandika kwanza kwa kalamu, kwa mwandiko ambao hata mimi mwenyewe nausoma kwa shida, ndipo nikaanza kuihamishia kwenye simu kwa kidole kimoja. Mkiona nimekaa muda bila kuendelea, sijakimbia. Naandika polepole.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, sijawahi kuanzisha uzi. Hata mdomoni niko hivyo hivyo, mbele ya watu maneno hunikwama.

Majina nimebadilisha yote. Lakini mambo yenyewe yalitokea, na wapo watu wa mtaa wa Buzebazeba, Kigoma, ambao wakisoma hapa watajua ni nyumba gani. Nawasalimia.

Sasa niingie.

Mimi ni Mrundi. Tulikimbilia Tanzania nikiwa bado mtoto, mama akafia njiani, baba akaoa tena kambini. Nikiwa na miaka kumi na saba nikapata ujauzito. Mwenye mimba alikuwa kijana mwenzangu wa kambini. Wazazi wake waliandikishwa kurudi Burundi, wakapanda basi, na yeye akapanda nao. Hakujua. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajua vizuri.

Baba hakunipiga. Aliacha tu kuniita jina. Akitaka maji anamwambia mama wa kambo, "mwambie yule."

Mimba ilipokua nikaanza kuvimba miguu na kichwa kuuma. Zahanati ya kambini wakasema ni presha, wakaniandikia kwenda hospitali ya Kigoma mjini. Daktari wa kule akasema nisikae mbali na hospitali hadi nijifungue. Kibali changu cha kutoka kambini kikaongezwa muda, ila pa kulala sikuwa napo.

Hapo ndipo nikapelekwa kwa Mama Skola.

Mama Skola ni nesi mstaafu. Anakaa Katubuka, na uani kwake kuna chumba anachowalaza mabinti wajawazito ambao hawana ndugu mjini. Wengine wa kambini, wengine wa vijijini kwenye mwambao wa ziwa, waliofukuzwa nyumbani. Siku niliyofika alinitazama miguu, akaniambia niiweke juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniletea ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka. Hakuniuliza baba wa mtoto ni nani. Hadi leo hajaniuliza.

Alikuwa na neno lake moja ambalo sisi mabinti tulikuwa tunamwigiza akiondoka. "Mtoto ambaye hajazaliwa haagizwi." Maana yake, hakuna mtu anayeruhusiwa kuja pale kwake kuweka oda ya mtoto kama mtu anayeagiza kitanda kwa fundi.

Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyeanza. Nilimwambia siwezi kumlea. Kule kambini tunalala wengi kwenye kibanda kimoja, mgao wa chakula umepunguzwa, na yule mtoto angekua akiitwa "yule" kama mimi.

Akanisikiliza. Hakunibembeleza, hakunigombeza. Akanipeleka ofisi ya ustawi wa jamii, tukaelezwa kuwa kuna njia ya kisheria ya mtoto kuasiliwa, kwamba kuna watu wanaoomba na kukaguliwa nyumba zao, na kwamba hata nikisema ndiyo leo, neno langu halihesabiki mpaka mtoto azaliwe na nipewe muda wa kufikiri.

Wakuu, hiyo sehemu ya "muda wa kufikiri" ishikeni.

Ndivyo nilivyokutana na Dada Leokadia na mume wake, Gervas.

Dada Leokadia ni fundi cherehani, ana kibanda chake Buzebazeba. Gervas anatengeneza injini za boti pale Kibirizi. Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto. Walikaguliwa, wakaonekana wanafaa, na kweli walikuwa wanafaa. Kila Jumamosi Dada Leokadia alikuja kwa Mama Skola na kitu mkononi: ndizi, dagaa, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alikuwa anaongea sana, na mimi sisemi, kwa hiyo tulielewana.

Siku moja tukiwa wawili chumbani akatoa tepu yake ya kupimia.

"Simama nikupime, nikushonee dera."

Akanipima tumbo tu. Mabega hakupima. 

Jumamosi iliyofuata akanipima tena. Na iliyofuata tena. Dera silioni. Mwisho nikamuuliza kwa sauti ya chini kama dera linashonwa Ulaya. Akacheka hadi akakaa kitandani. Halafu akafungua mfuko wake, akatoa mto mdogo wa pamba wenye kamba za kufungia kiunoni.

Kumbe, wakuu, alikuwa anautumia ule mto kuwa na mimba.

Akitoka kwake Buzebazeba anatoka nao, majirani wanamwona. Akikaribia kwa Mama Skola anaufungua na kuuficha mfukoni. Na ili tumbo lake lisizidi wala kupungua, alikuwa anafuata langu. Mimi nikiongezeka, yeye anaongeza pamba.

"Usicheke," akaniambia, huku yeye ndiye anayecheka. "Jirani yangu Mama Deo kanishika tumbo juzi, anasema mtoto anacheza."

Kisha akaacha kucheka. Akanieleza kuhusu mama mkwe wake, anayekaa Manyovu, ambaye kila akija mjini humuuliza Gervas mbele yake, "Shamba lako hili lina mawe?" Akaniambia akimpata mtoto huyu na watu wakajua ni wa kuasili, ataitwa tasa mpaka anazikwa, na mtoto ataitwa wa kuokotwa. Akaniomba nisimwambie Mama Skola.

Sikumwambia. Nilimwonea huruma. Pia niliona ni jambo lake, tumbo lake la pamba linanihusu nini mimi? Sikufikiri mbele. Kama yeye ndiye aliyebeba mimba, basi mimi nilikuwa nani?

(Samahani, simu ilizima. Naendelea.)

Nilijifungua hospitali, kwa jina langu, Mama Skola akiwa pembeni. Mtoto wa kike.

Kwenye kitanda jirani na changu kulikuwa na mama mmoja, alikuwa mwema tu, kasikia habari zangu. Akaniambia, "Mdogo wangu, kama utamtoa, usimtazame. Ukimtazama utamzoea." Nikageuza uso ukutani. Mama Skola akaja, akasikia, akamchukua mtoto na kumweka kifuani kwangu bila kuniuliza.

"Mtazame," akasema. "Huyu si deni la kukwepa. Ukimtoa, umtoe unayemjua."

Nikamtazama. Alikuwa na nywele nyingi, na sikio moja limekunjika kidogo kwa juu.

Tuliporuhusiwa, Dada Leokadia aliomba nikakae kwake nikiendelea kunyonyesha, badala ya chumba cha uani chenye joto. Ustawi wakakubali, kwa sharti kwamba bado mimi ndiye mama na hakuna lililoamuliwa. Mama Skola alikunja uso, lakini nilikuwa nimechoka, nikasema nitaenda.

Bodaboda ikatushusha Buzebazeba. Kabla hatujafika mlangoni majirani wametoka na vigelegele. "Hongera mama! Hongera mzazi!" Dada Leokadia akawa anatembea polepole, mkono mmoja kiunoni, mtoto mikononi. Mimi nyuma nimebeba beseni na mabegi, nimeshonwa, kila hatua naumia.

Mama Deo akaniangalia. "Na huyu?"

Dada Leokadia hakugeuka. "Huyo ni dada wa kazi, nimemtoa huko vijijini."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Ndani ya nyumba alinitunza, sitamsingizia. Alinikanda na maji ya moto, alinipikia, usiku mtoto akilia ananiwahi yeye. Lakini mlango ukigongwa tu, mtoto anahamia kwake na mimi nashika ufagio. Wageni wakikaa sana na mtoto akataka kunyonya, Dada Leokadia anaingia naye chumbani "kunyonyesha", na mimi naingia nyuma "kufagia".

Kisha mama mkwe akaja kutoka Manyovu.

Alikuwa bibi mfupi, mguu mmoja unamsumbua, na mdomo haumsumbui hata kidogo. Alikuja na jogoo, maharage na kikapu cha viazi. Alipompakata mtoto nikaona machozi yanamtoka na hayafuti. Nikasema moyoni, hapa mambo yameisha, mtoto amepata bibi. Basi mimi niwe dada wa kazi, kuna ubaya gani.

Ila yule bibi alikuwa na macho. Siku ya pili akamuuliza mwanawe, "Gervas, huyu binti anafagia chumba kimoja mara ngapi kwa siku?"

Gervas akakumbuka kuna injini inamsubiri Kibirizi. Kila mama yake alipouliza kitu, kulikuwa na injini Kibirizi.

Sasa niwaelezee mila, kwa wasiotoka huku.

Kwetu Burundi, mwanamke akijifungua anakaa ndani. Kitovu cha mtoto kikishadondoka, kuna siku inaitwa kuva mu kiriri, yaani kutoka kitandani. Watu wanaalikwa, mama na mtoto wanatoka, wanakaa kwenye mkeka mbele ya watu. Mama anapongezwa. Watoto wa majirani wanakula maharage. Na Waha wa Manyovu, kwa kuwa ni mpakani, mambo yao na yetu karibu ni yale yale. Siku hiyo mzazi hashiki kazi. Yeye ndiye ananawishwa wa kwanza, yeye ndiye anaanza kula. Mzazi kuhudumia wageni siku ya kutoka kitandani ni mwiko. Kwetu wanasema ni kumzika akiwa hai.

Bibi akatangaza siku ya kumtoa mtoto nje.

Usiku uliotangulia Dada Leokadia alinijia, akapiga magoti kabisa, akasema, "Ni kesho tu. Ikipita kesho, yameisha." Nikasema sawa.

Alasiri watu wakajaa uani. Dada Leokadia amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, kitenge kipya, mtoto mapajani. Watu wanapita, wanamshika mkono, wanamwambia umefanya kazi. Mimi nikapewa jagi la maji na beseni. Chakula kilikuwa tayari, wageni wanawe.

Nikaanza kunawisha. Mmoja mmoja. Nainama, namwaga, nainuka, nasogea. Mshono bado haujapona vizuri. Watu wengine hawakunitazama hata usoni, na hawana kosa, nani anamtazama anayenawisha.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimejipanga kuvumilia kila kitu. Kilichonishinda ni mwili.

Nilikuwa nimefika kwa bibi, mikono yake iko chini ya maji, mtoto akaanza kulia kule mkekani. Dada Leokadia akamrusha rusha, akamwimbia, hanyamazi. Na mimi maziwa yakashuka. Nilikuwa nimevaa blauzi ya rangi ya maziwa ya mgando, nyepesi. Ikalowa mbele yote.

Bibi akasema, "Simamisha maji."

Nikasimamisha.

Akanitazama kifuani. Akamtazama mtoto anayelia. Akanitazama tena, safari hii usoni. Mikono yake bado inadondosha maji kwenye beseni.

"Mimi nimezaa watoto tisa," akasema, na hakupunguza sauti. "Sijawahi kuona dada wa kazi anatoka maziwa kwa kilio cha mtoto wa tajiri yake."

Watu wote uani wakageuka. Hata watoto waliokuwa wanangoja maharage.

Maneno yakanikwama kama kawaida yangu. Nilikuwa na jibu la uongo tayari, kwamba na mimi nina mtoto nimemwacha nyumbani. Lilifika hapa kooni likagoma. Nikawa natazama jagi.

Aliyesema ni Dada Leokadia.

"Mama, mtoto ni wake. Mimi sikuzaa."

Mama Deo akacheka. "Leokadia acha utani, mimi tumbo hilo nimelishika kwa mkono wangu."

"Ulishika mto, Mama Deo."

"Mto gani?"

"Wa pamba. Niliushona mwenyewe."

Mama Deo akautazama mkono wake.

Bibi akakausha mikono kwenye kitenge chake, taratibu sana. "Kwa hiyo nimembeba jogoo kutoka Manyovu kuja kumpongeza mto."

Watu wawili watatu wakacheka, halafu wakaona haichekeshi, wakaacha. Gervas alikuwa amesimama karibu na geti. Niliona anataka kukumbuka injini. Lakini hakwenda. Akaja katikati, akasema, "Mama, nilijua. Binti ametoka kambini, na mtoto tunamwasili kwa sheria. Uongo ulikuwa wetu wawili, usimwangushie yeye peke yake."

 Bibi akasema jambo ambalo liliniuma na nitaliandika kama lilivyo. Akasema, "Mtoto wa kambini. Mmeshindwa hata kuniambia ni mtoto wa kambini."

Hapo nikajua kinachofuata. Watamkataa. Na mimi nitapanda gari naye kurudi kule ambako baba ananiita "yule". Nilikuwa nimekubali kufagia chumba safi, nimekubali kunawisha, yote ili yeye awe na pa kulala. Sasa yameharibika kwa sababu ya blauzi.

Bibi akanigeukia. "Wewe. Una jina?"

Nikalitaja.

"Unamtaka mtoto wako?"

Mtu hajawahi kuniuliza hivyo. Mama Skola aliniuliza nitaweza nini, ustawi waliniuliza naelewa nini. Kumtaka, hakuna aliyeuliza. Watu wote wale wananitazama, na mimi ni mtu ambaye kanisani nikiombwa kusoma somo naumwa tumbo.

Nikasema, "Namtaka. Lakini sina pa kumweka."

Ni maneno hayo tu. Sijui kama hata wa nyuma walisikia.

 Bibi akanyoosha mkono, akachukua jagi kutoka mkononi kwangu. Nililing'ang'ania kidogo, sikuelewa anataka nini. Akasema kwa hasira, na hadi leo sijui hasira ile ilikuwa kwa nani, "Kaa chini. Mzazi hanawishi watu. Hata huko kambini si mnajua?"

Akaniongoza hadi mkekani. Dada Leokadia akanipa mtoto na akainuka. Nikanyonyesha pale pale mbele ya watu, nimeinamisha kichwa. Bibi akachuchumaa na mguu wake ule mbovu, akaninawisha mikono, wa kwanza kabla ya wote. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, kidogo, kama anayejaribu. Mwingine akamjibu.

Dada Leokadia alikuwa bado amesimama pembeni ya mkeka. Hana pa kuweka mikono. Kitenge kipya, hana tumbo, hana mtoto, majirani wote wanamtazama. Nimewahi kusimama hivyo mimi, siku mimba yangu ilipojulikana. Najua miguu inavyokuwa.

Nikasogea. Mkeka ulikuwa mkubwa.

Akakaa.  Nilisikia bega lake linatetemeka kwenye bega langu. Chakula kikaletwa, nikala wa kwanza, nikamsogezea sahani.

Msidhani baada ya hapo yote yakawa mazuri. Bibi aliondoka asubuhi bila kumuaga Leokadia, na alikaa muda mrefu bila kuongea naye. Buzebazeba walimwita "Mama Mto", wateja wengine wakahamisha nguo zao kwa fundi mwingine. Mama Skola alipojua alikuja akiwa amevimba kwa hasira, akatugombeza wote wawili mpaka sauti ikakauka. Mimi aliniambia, "Huruma yako ingekufuta." Ustawi nao walisimamisha kila kitu. Wakasema nirudi Katubuka na mtoto wangu, nikae naye, nifikiri, asije mtu kunisumbua.

Ndio ule muda wa kufikiri niliowaambia mshike.

Nilikaa naye. Nilimwogesha, nilimbeba mgongoni hadi sokoni, nilimwimbia za kwetu. Nilijaribu kujiona naye kambini, kila siku najaribu. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa chumba kimoja aliamua kurudi na wake, na leo wako salama, mtoto ana afya. Kwa hiyo sisemi kila binti afanye kama mimi. Mama Skola hakunisukuma kokote. Nilipomuuliza angekuwa yeye angefanyaje, alisema, "Mimi si wewe, lakini nitakupikia chakula chochote utakachoamua."

Niliamua. Niliwaita Dada Leokadia na Gervas, nikawaambia nina sharti moja, mtoto asifichwe alikotoka, na mimi nisifichwe. Gervas aliitikia kwa kichwa. Leokadia alisema, "Mimi siwezi tena kubeba pamba."

Kisha nikasema ndiyo, mbele ya wanaohusika, na baadaye mahakama ikapitisha.

Siku niliyomkabidhi, Mama Skola alinifunga kifua kwa khanga ili maziwa yakauke. Alinifunga kwa nguvu, akakaa karibu nami, hakusema Mungu atakupa mwingine. Wakuu, kama mna dada au mtoto aliyepitia haya, msimwambie Mungu atampa mwingine. Alikuwa anamtaka huyo.

Nimejifunza nini? Kwamba binti anayetoa mtoto hajatupa mtoto. Kwamba anahitaji chakula na daktari, ndiyo, lakini anahitaji pia kupongezwa. Alizaa. Mpeni hongera yake kwanza, ndipo mambo mengine yafuate. Na wale mnaoasili, msiibe mimba ya mwenzenu kwa sababu ya midomo ya majirani. Nawaambia bila chuki. Mwanamke aliyenifanyia hivyo ni mtu ninayempenda.

Sasa sababu ya kuanzisha uzi huu.

Mtoto anakaribia kuanza shule. Ni mrefu, anaongea kama mama yake Leokadia. Nikipata kibali kambini napita kumwona, ananiita Mama Mdogo, maana tulikubaliana ataambiwa akifika umri wa kuelewa. Bibi wa Manyovu siku hizi ndiye anayemdekeza kuliko wote, wala hataki kukumbushwa.

Lakini familia yetu tumeandikishwa kurudi Burundi. Safari hii baba amesaini, na mimi jina langu liko humo. Siku yoyote tutaitwa kupanda basi. Dada Leokadia amenipigia simu, akasema, "Kabla hujaondoka njoo ukae nasi, umwambie wewe mwenyewe. Nikimwambia mimi peke yangu atadhani ulimwacha."

Nimekubali. Na nimeanza kujaribu maneno, na kila nikijaribu yananikwama.

Humu najua mpo watu mliolelewa na wazazi ambao hawakuwazaa. Mliambiwaje? Walianza na neno gani? Nini kiliwauma, na nini, mkikumbuka leo, kiliwasaidia? Na kama hamkuambiwa kabisa, mngependa kusikia nini kutoka kwa aliyewazaa?

Tafadhali niandikieni hapa hapa chini, hata mstari mmoja. Nitachelewa kujibu kwa sababu ya kidole hiki, lakini nitasoma yote, na nitayabeba kwenda nayo Buzebazeba.